Mapambo ya Pembeni

Molo, 5 Agosti 2025

Kwa Hanif, mchoraji na mchapishaji, Free Area, Nakuru.

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Hunijui. Jina lako nimelitoa nyuma ya programu ya mazishi ya Mama Lynn wa Rongai, ile yenye picha yake akicheka. Nilisema moyoni, aliyechagua picha hii anajua watu.

Naitwa Wanjugu, ni mkulima wa viazi. Nataka unitengenezee bango la mtu aliyepotea. Ni mwanangu Ndegwa, miaka ishirini na miwili. Mimi humwita Baba, kwa sababu alibeba jina la baba yangu mzazi, na kwetu mtu hamwiti babake kwa jina hivi hivi. Nikiandika Baba humu, ujue ni huyo kijana.

Aliondoka mwezi wa tano. Mume wangu, Ephantus, ni mzee wa kanisa. Alipata chini ya godoro la Baba fulana nyeusi yenye mafuvu na kitabu cha michoro, maandishi ya miiba miiba ambayo hakuna mtu anaweza kuyasoma. Akasema ni ushetani. Kitabu akakichoma. Mtoto akafungiwa kwenye stoo ya viazi, wazee wenzake wakawa wanakuja kumwombea pale mlangoni. Asubuhi ya tatu stoo ilikutwa wazi na Baba hayuko. Laini yake ya simu haijaingia tena tangu siku hiyo.

Mzee hataki atafutwe. Anasema aibu ya nyumba haibandikwi ukutani. Simu yangu huisoma kila jioni, kwa hivyo usinipigie hata kidogo. Barua atakuletea Jerotich anayenunua viazi vyetu, lori lake hupita hapo kwenu. Jibu mpe yeye, mkononi.

Nimeweka picha. Mlango unaouona nyuma yake ni wa hiyo stoo, lakini ilipigwa Krismasi, alipokuwa bado anacheka na sisi.

Ni mimi,
Wanjugu

—

Free Area, 8 Agosti

Mama Ndegwa,

Barua nimeipata, na viazi pia. Jerotich amevitupa juu ya meza yangu ya kukatia karatasi kana kwamba hapa ni sokoni. Asante.

Pole kwa yaliyokupata. Huyo kijana mimi simjui. Rasimu ya bango hii hapa, iangalie uniambie.

Lakini kabla sijachapisha, nijibu kitu kimoja bila kunizungusha. Unataka arudi nyumbani, au unataka tu kujua yuko hai? Hayo ni mabango mawili tofauti. La kwanza linapiga kelele, la pili linauliza. Na mzee akilikuta ukutani, kesho yake nani atalala kwenye stoo?

Mimi ni mtu wa kadi za harusi na programu za mazishi. Mambo ya wazee na kufuli sitaki yanifikie mlangoni.

Hanif

—

Molo, 12 Agosti

Hanif mwanangu,

Programu ya Mama Lynn niliisoma nikiwa nimeketi nyuma kabisa ya hema, bila miwani. Hii rasimu yako nimeivalia miwani na bado mtoto wangu sijamwona. Picha umeitia giza. Jina lake liko chini, dogo, herufi zimebanana kama viazi kwenye gunia la lumbesa. Nikajiuliza, mtu anayeijua kazi namna ile ameikosea vipi hii? Halafu nikaelewa. Hukuikosea. Hukutaka aonekane.

Yuko kwako?

Usinidanganye, mimi ni mtu mzima. Umeniuliza ninataka nini. Sitaki arudi. Tangu wiki jana mzee amegeuka. Tarehe sita Septemba kuna mkutano mkubwa wa uamsho hapa, na mhubiri anayekuja amesema kijana apatikane, asimamishwe jukwaani, akiri mbele ya watu alijiunga na nini. Kisha arudishwe stoo, safari hii mpaka wao waridhike. Sasa mzee anauliza kila mtu sokoni.

Ninataka Baba ajue jambo moja tu. Siku ile kufuli niliifunga mimi. Mzee alinipa, nikaibana kwa mkono wangu, Baba akiniangalia. Hilo analijua. Asilolijua ni kwamba aliyeifungua alfajiri ile ni mimi pia. Niliufungua pole pole, nikauacha mlango umeegemezwa, nikarudi kitandani. Sikumwita. Niliogopa atanishika nilie, mzee aamke. Basi akaenda akidhani mamake alimfungia na bahati ndiyo iliyomfungulia. Hilo linaniua, Hanif. Mwambie. Halafu hii barua uichome.

Wanjugu

—

Kikaratasi juu ya kompyuta ya Hanif, 13 Agosti

Hanif,

Nilikuwa natafuta chaja kwa meza yako nikapata sura yangu. AMEPOTEA. Chini yake barua ya mathe ya tarehe tano. Wiki nzima mnaandikiana, na jana tumekula sahani moja ukiniangalia machoni.

Unajua nani alifunga hiyo stoo, msee? Si buda. Buda alisimama tu na Biblia. Kufuli ilishikwa na mathe. Sasa anataka bango, na wewe unamchorea. Mmeniuza wote wawili.

Nimebeba vijiti vyangu pekee. Ngoma nimeziacha, ni za bendi. Shoo ya Septemba tafuteni mtu. Na lile jina la bendi nililochora kwa jalada la albamu mlitoe, hizo herufi ni zangu.

Usinifuate.

Ndegwa

—

Free Area, 15 Agosti

Mama,

Haya, ukweli ndio huu. Alikuwa kwangu tangu mwezi wa tano. Alifika na fulana moja na kifua kinakoroma kwa vumbi la viazi, nikampa godoro nyuma ya mashine ya kuchapisha.

Mimi ni mwimbaji wa bendi, tunaitwa Majivu ya Menengai. Tunapiga metal, ule muziki mzee anaouita ushetani. Ukiusikia na wewe labda utakubaliana naye. Mama yangu mwenyewe akinisikia nikifanya mazoezi hudhani nina pumu, huniletea tangawizi. Ndegwa ndiye mpiga ngoma wetu. Muziki huo haulishi hata paka, ndiyo maana mchana ninachora, na yeye alikuwa ananisaidia. Ile picha ya Mama Lynn akicheka ni yeye aliyeichagua. Familia ilileta ya kitambulisho, akakataa, akawaambia hakuna mtu anazikwa akiwa na sura ya kupanga foleni.

Sasa hayuko. Nilirudi na barua yako ya pili mfukoni, nimepania kumsomea nikimketisha pale, nikakuta nyumba tupu. Alikuwa ameiona ile ya kwanza na rasimu. Amesema tumemuuza. Nimekasirika, Mama, nimemkasirikia yeye, na wewe, na zaidi mimi mwenyewe kwa kuacha karatasi ovyo kama mwanafunzi.

Nimeenda Rongai kwa Abby, mpiga gitaa wetu, hajafika huko. Simu hana. Niambie mahali popote anapoweza kukimbilia.

Hanif

—

Molo, 19 Agosti

Kwa Bwana Hanif,

Ninakusalimu katika jina la Bwana. Mimi Wanjugu nimepokea barua yako, na ninashukuru kwamba umekiri. Kijana wangu Ndegwa amesamehewa na babake. Hakuna neno tena.

Tunaomba utengeneze mabango makubwa yenye kusomeka vizuri. Picha iwe wazi. Nambari ya simu ya babake iandikwe chini kwa herufi kubwa. Yanahitajika kabla ya mkutano wa tarehe sita, kwa maana kijana anatakiwa kuwepo. Ukikataa, itatubidi tupeleke jina lako na la hiyo bendi kwa chifu, na kwa imamu wa msikiti wenu, ili wazazi wako nao wajue wamezaa nini.

Usimtumie Jerotich tena, ni mwanamke wa maneno mengi. Mpe huyu mwenye pikipiki aliyekuletea hii.

Wako katika Kristo,
Wanjugu

—

Free Area, 20 Agosti

Mama,

Jerotich ameapa atakupa hii kwenye mizani ya viazi, si nyumbani.

Jana nimeletewa barua yenye jina lako. Imeandikwa kwa mistari iliyonyooka kama ya karani. Lakini humo ndani hamna Baba. Kuna "kijana wangu Ndegwa". Nilipofika hapo nikajua si wewe, ni mzee.

Uko salama? Amekupiga?

Bado sijajibu. Nikikataa, atapata mchoraji mwingine kabla ya saa sita mchana, mji huu umejaa sisi. Na hilo la imamu si mchezo kwangu, baba yangu hasikii vizuri lakini habari kama hiyo ataisikia. Nikikubali, nimemkabidhi Ndegwa kwa mkono wangu. Sema wewe.

Hanif

—

Molo, 22 Agosti

Hanif,

Ninaandika nyuma ya lori, kwenye karatasi ya mfuko wa mbolea, Jerotich amesimama mbele yangu na khanga yake kama pazia. Hajanipiga. Barua yako aliipata kwenye kikapu cha mayai. Simu ameichukua. Haniongeleshi, ila anaomba kwa sauti akiwa chumba cha pili, akitaja majina yetu wote watatu, mimi na Baba na wewe.

Mtengenezee.

Mtengenezee bango zuri kuliko yote uliyowahi kufanya. Atalibandika mwenyewe, hamwamini mtu kwa kazi kama hiyo. Atafika Nakuru, Rongai, Njoro, kila mahali ambapo mimi siruhusiwi kufika. Sasa ndani ya bango hilo mwekee Baba maneno yangu, kwa yale maandishi yake ya miiba. Mzee hakuwahi kuyasoma, aliyachoma tu. Tafuta namna ya kuyafunika, asiyatambue.

Andika hivi: Baba, ni mimi nilifungua. Usirudi. Nitakuja.

Hakuna mwingine duniani anayemwita hivyo. Akiliona neno la kwanza, ameniona.

Wanjugu

—

Free Area, 27 Agosti
(kwa mkono wa mwenye pikipiki)

Kwa Bi. Wanjugu na mzee,

Mabango ni haya. Picha iko wazi, nambari ya simu inasomeka ng'ambo ya barabara. Kuizunguka picha nimechora taji la miiba, kwa kuwa nimeelewa ni familia ya kanisa. Mkipenda mapambo hayo, mnaweza kuyatumia hata kwenye shughuli nyingine.

Kwa heshima,
Hanif

—

Free Area, 27 Agosti
(kwa mkono wa Jerotich)

Mama,

Taji ndilo barua yako. Limeanzia kwenye sikio lake la kushoto, likapanda, likazunguka, likarudi. Herufi hizi kila bendi ya metal inazo za kwake. Mtu wa nje huona matawi makavu, mwenyewe husoma. Zetu alizitunga Ndegwa, na kutoka Molo mpaka huku wanaozisoma ni watu wanne, wote wa bendi. Nimezichora mara nyingi nikizifuta, maana mkono wake ni mwepesi kuliko wangu.

Lakini nisikufiche, sijalala. Ulitaka bango zuri, nimelifanya zuri. Sura yake iko pale hivi kwamba hata mtoto wa chekechea atamtambua akimwona dukani. Mtu yeyote anaweza kupiga hiyo simu. Tumeingia kwenye mbio, Mama: asome yeye kabla hajaonwa na wengine. Ikiwa vinginevyo, aliyemkamata ni mimi.

Hanif

—

Molo, 2 Septemba

Kwa Bwana Hanif,

Sasa ninakuandikia kwa jina langu. Nilikuwa na mashaka nawe, ninakuomba radhi. Kazi yako ni safi. Nimebandika kwa mikono yangu tangu soko la Molo mpaka stendi ya Njoro, na kote Nakuru mjini. Lile taji la miiba limewagusa watu. Mhubiri wetu amelipenda sana, ameagiza lichapishwe kwenye kitambaa kikubwa kitakachokaa nyuma ya jukwaa siku ya mkutano.

Bwana ametenda. Leo asubuhi mtu wa Rongai amenipigia simu. Anasema kijana anayefanana na huyo anabeba magunia kwenye kinu cha mahindi. Kesho nitakwenda, na yaliyobaki nitayabandika huko huko.

Wanadhani ninamchukia. Nilikaa nje ya ile stoo nikiwa kwenye kiti mpaka usingizi ukanishinda. Mungu ni shahidi.

Mzee Ephantus

—

Rongai, 4 Septemba

Mathe,

Hanif ndiye atampa Jerotich hii.

Tangu nitoke kwake nimekuwa kwa kinu cha mahindi hapa Rongai, napakia magunia. Jana nikiwa juu ya lori nikamwona buda. Amevaa koti lake la Jumapili, ana ndoo ya gundi ya unga na brashi. Nikajilaza katikati ya magunia. Alisalimiana na meneja, akauliza mimi niko wapi, meneja akamwambia angoje, nitarudi tu. Basi akaanza kubandika kwa ukuta, karibu kabisa na mahali nimelala. Nikasema leo nimekwisha. Nilikuwa nachagua upande wa kuruka.

Halafu nikaona lile taji. Hanif huchora miiba mirefu sana, nimemwambia hiyo maneno mpaka nikachoka. Nikaanza kusoma bila kufikiria, vile mtu husoma gunia likipita mbele yake. Neno la kwanza ni Baba. Ni wewe tu huniita hivyo, mathe.

Nikasoma yote. Buda bado alikuwa pale. Alikuwa analainisha karatasi kwa kiganja, pole pole, kutoka ukingo mpaka ukingo, upepo usije ukaitoa. Alikuwa analainisha maneno yako. Mzee anasimama hapo ananiambia nisirudi, na hajui. Nilitaka kucheka nikajikuta nalia, nikauma gunia ili asinisikie. Amezeeka. Hiyo pia niliiona.

Alfajiri ile kufuli niliisikia ikifunguka. Nilidhani ni mwizi wa viazi, nikangoja nyayo zipotee ndipo nikatoka. Kumbe ni wewe ulikuwa unarudi kulala. Miezi hii yote nimeuchukia mkono wako.

Alipoingia ofisini kunywa chai na meneja, nilishukia upande wa pili. Sasa niko kwa Abby. Hanif amekuja, tumetukanana kidogo, halafu tumekula. Jumamosi kila mtu atakuwa kwa uamsho. Jerotich anasema lori litakuwa kwa mizani mapema.

Njoo.

Baba

—

Molo, 6 Septemba

Mzee Ephantus,

Umetangulia uwanjani, kwa hivyo ninakuachia hii juu ya meza. Chai iko kwenye chupa na mukimo uko kwenye sufuria. Usinitafute kwenye hema la akina mama.

Uliwauliza wazee wote ni nani alifungua stoo. Ukamshuku mlinzi wa jirani, ukamshuku hata shetani. Mimi hukuniuliza. Ni mimi. Wewe ulikuwa umelala kwenye kiti, nikakuvuka, na niliporudi nikakufunika blanketi. Uliamka ukasema Mungu amekufunika.

Ulirudi kutoka Rongai bila mtoto, na tangu juzi hujala. Ninakuonea huruma, lakini sikuletei. Alikuona. Alikuwa karibu nawe kuliko hii meza ilivyo karibu na mlango.

Lile taji ulilobandika, ambalo leo limetundikwa nyuma ya mhubiri, ni maneno. Ni yangu, niliyamwandikia yeye kwa yale maandishi uliyoyachoma. Sitakwambia yanasema nini. Muulize mwenyewe siku mtakapoketi pamoja, kama mtaketi. Umeyabandika vizuri, hakuna neno lililopinda.

Ninaenda kumwona. Jumatatu lori la Jerotich litapita hapa likielekea kwenye mizani, nami nitakuwa ndani. Nimemwambia apunguze mwendo kwenye lango letu. Nikiona mlango wa stoo umeung'oa, nitashuka, tuanze kuongea. Nikiuona bado uko mahali pake, sitashuka.

Wanjugu